Kupiga Windows 11 kwenye kompyuta ya mezani iliyokataliwa: mwongozo kamili

Core i5-6500 ni prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, ya mwaka 2015. Ina viini vinne, na ukiifungia SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM ya GB 8 inafungua hati, barua pepe na kivinjari chenye kurasa ishirini bila kuhema. Lakini ukiendesha juu yake programu ya ukaguzi ya Windows 11, jibu ni moja: kompyuta hii haikidhi vigezo. Wengi wakishasoma hivyo huanza kuulizia kompyuta nyingine. Naomba usiwe na haraka.

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021 ikiwa na masharti makali kuliko toleo lolote lililoitangulia: chipu ya usalama ya TPM 2.0, UEFI (mrithi wa BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) yenye uwezo wa Secure Boot, yaani kuzuia mfumo usioaminika kuwaka, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha rasmi. Kwa Intel, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8, ukiacha chache za kizazi cha 7. Kwa AMD, Ryzen nyingi za mfululizo wa 2000 ndizo za mwanzo kukubaliwa. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ikafika mwisho wa masasisho yake ya kawaida, na kompyuta nyingi nzima zikabaki njia panda.

Sehemu kubwa ya masharti hayo ni mlinzi wa mlangoni tu. Programu ya kusakinisha inauliza maswali kabla ya kuanza kazi, na isiporidhika na majibu inasimama. Mfumo wenyewe ukishaingia kwenye diski unafanya kazi. Ila kuna mahali pamoja ambapo huna mlinzi wa kumpita, ni ukuta mtupu. Ukijua tofauti ya mlinzi na ukuta, utajua kompyuta ipi ya kuhangaika nayo na ipi ya kuitafutia njia nyingine.

Ukuta uko wapi

Kuanzia toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, kiini cha Windows 11 kinatumia maelekezo ya prosesa yaitwayo SSE4.2 na POPCNT. Prosesa isiyo nayo haiwezi kuwasha mfumo huo, na hakuna ujanja wa rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) wala flashi utakaobadilisha hilo, kwa sababu ni maelekezo ambayo silikoni yenyewe haiyafahamu. Kwa hiyo Core 2 Duo na Core 2 Quad zote zimebaki nje, zikiwemo Q6600 na E8400 zilizopendwa sana zamani. Phenom II za AMD nazo hivyo hivyo.

Core i3, i5 na i7 za kizazi cha kwanza na kuendelea zinayo maelekezo hayo. AMD FX pia zinayo. Ukitaka uhakika, pakua CPU-Z, ifungue, na usome mstari wa maelekezo kwenye ukurasa wa kwanza. Ukiona SSE4.2, endelea kusoma mwongozo huu. Usipoiona, weka Linux Mint ya Xfce: inaomba RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndiyo inayofaa, na itaipa mashine hiyo maisha ya heshima. Usipoteze siku nzima na matoleo ya zamani ya Windows 11 yanayokubali kuwaka kwenye Core 2. Yameshaacha kupewa masasisho ya usalama, na usalama ndio sababu ya kuhama Windows 10.

Kuwezekana na kufaa ni vitu viwili. Nikipewa kompyuta ya kizazi cha 4 hadi cha 7 yenye SSD na RAM ya GB 8, naipiga Windows 11 bila wasiwasi. Kizazi cha 2 na cha 3, kama i5-2400 au i5-3470, naipiga baada ya kuzungumza na mwenyewe kuhusu draiva za picha (programu zinazoiwezesha Windows kutumia kadi ya picha), kwa sababu hapo ndipo matatizo huanzia. Kizazi cha kwanza kitawaka, ila sikushauri kwa kazi ya kila siku.

Kabla ya yote: huenda hujakataliwa kweli

Nimeletewa kompyuta kadhaa zilizosemwa "hazina TPM" kumbe zinayo, imezimwa tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, kisha Enter. Ukiambiwa TPM haionekani, usiamini papo hapo. Kwenye mashine nyingi za Intel za kizazi cha 6 na kuendelea, TPM imo ndani ya mfumo wa ubao mama kwa jina la Intel PTT, na kwenye Ryzen inaitwa fTPM. Iko kwenye menyu za BIOS, mara nyingi chini ya Security au Advanced, na kwa bao nyingi za zamani ilitoka kiwandani ikiwa imezimwa.

Andika pia msinfo32 na utazame mstari wa BIOS Mode. Ukisoma UEFI, vizuri. Ukisoma Legacy, maana yake Windows iliyopo iliwekwa kwa mtindo wa zamani wa diski, MBR, na Secure Boot haiwezi kuwashwa mpaka diski igeuzwe kuwa GPT, mtindo mpya. Hilo linawezekana bila kufuta kitu, na nitalieleza mbele.

Kama prosesa yako imo kwenye orodha rasmi na kilichokosekana ni TPM au Secure Boot iliyozimwa, washa hivyo viwili na kompyuta itahesabiwa halali kabisa. Jihadhari na kitu kimoja: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kusimba data, sitisha BitLocker kwanza ukiwa ndani ya Windows, na uhifadhi ile namba ya uokoaji yenye tarakimu 48 mahali pengine nje ya kompyuta hiyo. Ukibadilisha mipangilio ya kuwaka bila kufanya hivyo, kompyuta itakudai namba hiyo, na usipokuwa nayo data yako imekwenda.

Unachokubali ukipita mlangoni

Microsoft inasema wazi kuwa kompyuta isiyokidhi vigezo haina haki ya kudai masasisho. Kwa hali ilivyo, masasisho ya usalama ya kila mwezi huwa yanaingia kama kawaida kwenye mashine hizi. Kinachosumbua ni toleo jipya la kila mwaka, ambalo kwa kawaida haliletwi lenyewe, na itabidi ulipandishe kwa mkono. Huenda pia ukaona maandishi hafifu kwenye kona ya skrini yakikukumbusha kuwa vigezo havijatimia.

Kompyuta ya nyumbani, ya mwanafunzi, ya kuandikia au ya duka dogo, sioni tatizo. Lakini inayobeba taarifa za siri za watu wengine, kama rekodi za wagonjwa au mishahara ya wafanyakazi, usiifanyie hivi. Kwa kompyuta ya namna hiyo, jiunge na mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10, ambao kwa watumiaji binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026, na utumie muda huo kupanga ununuzi.

Fungua kesi kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu huruka. Kusakinisha kwenyewe ni dakika arobaini. Kuandaa mashine ya miaka kumi ndiko kunakoamua kama baada ya mwezi mwenyewe atafurahi au atalalamika.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, kisha fungua ubavu wa kesi. Gusa chuma cha kesi kabla ya kugusa chochote ndani. Pulizia vumbi ukiwa umeshika feni kwa kidole isizunguke. Kama prosesa inapanda joto haraka, ondoa kipoozeo chake, futa ule uji wa kupitishia joto uliokauka na kugeuka kuwa kama chokaa, paka mwingine mpya kiasi cha punje ya mchele, rudisha.

Sasa angalia betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama. Imeandikwa CR2032 na ikiwa mpya inatoa volti 3. Kuna mashine moja ilinitoa jasho mchana kutwa. Usakinishaji ulikwenda vizuri, mtandao ukashika, lakini Windows ikagoma kujihalalisha, kivinjari kikakataa kila tovuti kikisema cheti hakijaanza kutumika, na masasisho yakarudisha kosa baada ya kosa. Nikabadilisha draiva ya mtandao mara mbili. Nikabadilisha kebo. Mwishowe nikatupa jicho kwenye kona ya chini ya skrini: saa ilikuwa inasoma Januari 2012. Betri ilikuwa imekufa, na kila nilipochomoa umeme saa ilirudi nyuma. Tovuti salama hupima cheti kwa tarehe ya kompyuta, tarehe ikiwa ya uongo kila mlango unafungwa. Tangu siku ile betri hiyo naibadilisha kabla sijawasha chochote.

Diski ndilo jambo kubwa kuliko yote. Kama bado ni ile ya kuzunguka, weka SSD ya SATA (aina ya muunganisho wa diski) ya inchi 2.5. Itaingia kwenye kompyuta yoyote ya mezani yenye SATA, na kama hakuna kitako cha ukubwa wake, ni nyepesi kiasi kwamba hata skrubu mbili za upande mmoja zinaishika. Windows 11 juu ya diski ya kuzunguka ni mateso: diski inasoma asilimia 100 muda wote na kipanya kinakwama. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja tu, SSD kwanza, RAM baadaye. Kama unabaki na diski iliyopo, ipime afya kwa CrystalDiskInfo. Ikisema Caution au Bad, usiweke mfumo mpya juu yake.

RAM iwe GB 8. GB 4 itawaka, ila kivinjari peke yake kitaimaliza. Mashine za kizazi cha 2 na cha 3 hutumia DDR3, na za kizazi cha 6 nyingi ni DDR4 ingawa kuna bao za DDR3L, kwa hiyo soma maandishi kwenye kipande kilichomo kabla ya kwenda dukani.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga kesi: kama kuna diski mbili, chomoa waya wa data wa ile yenye kumbukumbu zako. Uache unaning'inia mpaka kazi iishe. Kwenye ukurasa wa kuchagua diski, zote huonekana kama Disk 0 na Disk 1 bila jina la kueleweka, na mkono ukiteleza hapo hakuna kurudi. Picha za miaka sita za familia nimeziona zikipotea kwa kubofya Delete mahali pasipo.

Nakala, na mahali mafaili yanapojificha

Kila mtu anakumbuka Desktop, Documents na Pictures. Wanachosahau ni data ya programu za uhasibu na za stoo, ambazo nyingi huhifadhi hifadhidata yake kwenye C:\ProgramData au kwenye folda iliyokaa moja kwa moja juu ya C. Wanasahau mafaili ya PST ya Outlook, yenye barua pepe zao. Wanasahau alamisho na nywila za kivinjari. Kaa na mwenye kompyuta, mwombe afungue kila programu anayoitumia kazini, na kila moja muulize: hii inaweka kazi yako wapi? Nakili vyote kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili matatu au manne ukiwa kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha yanafunguka kweli.

Pakua pia draiva ya kadi ya mtandao ya mashine hiyo na uiweke kwenye flashi ya pembeni. Windows 11 kwa kawaida inaitambua yenyewe, lakini isipoitambua, bila mtandao huna njia ya kupakua draiva ya mtandao.

Kutengeneza flashi

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi, na kila kilichomo kitafutwa. Pakua faili la ISO la Windows 11 (faili moja lenye usakinishaji wote) kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Usichukue ISO "iliyopunguzwa" ya mtu usiyemjua. Huwezi kujua ameongeza nini. Microsoft huweka alama ya uhakiki ya SHA-256 kwenye ukurasa wa upakuaji. Fungua dirisha la amri mahali faili lilipo, uandike:

certutil -hashfile Win11.iso SHA256

Weka jina halisi la faili lako. Ikiwa herufi zinazotoka si sawa na za kwenye ukurasa, upakuaji uliharibika njiani, rudia.

Sasa pakua Rufus, toleo la 4.6 au jipya zaidi. Ni programu ya bure, ndogo, haihitaji kusakinishwa. Chagua flashi yako juu, kisha bonyeza SELECT na uchague ISO. Kwenye mpango wa partisheni (migawanyo ya diski), chagua GPT na UEFI kama kompyuta ina UEFI, ambayo mashine nyingi za kuanzia mwaka 2012 zinayo. Kama ni ya zamani yenye BIOS tupu, chagua MBR. Windows 11 inakubali kuwaka kwa MBR mlinzi akishaondolewa, ila ukiwa na nafasi ya kuchagua, GPT ni bora.

Ukibonyeza START, kidirisha kitajitokeza chenye visanduku. Cha kwanza ndicho tunachokitaka: kinaondoa sharti la RAM ya GB 4, Secure Boot na TPM 2.0. Kingine kinaondoa ulazima wa akaunti ya Microsoft, na kingine kinakutengenezea akaunti ya ndani kwa jina utakaloandika. Weka alama kwenye unavyohitaji, kisha acha ifanye kazi. Flashi ya USB 2.0 inaweza kuchukua nusu saa, usiichomoe.

Kama kwa sababu yoyote umetengeneza flashi bila Rufus, bado mlinzi anapitika. Washa kompyuta kutoka kwenye flashi, na kwenye skrini ya kwanza ya lugha bonyeza Shift na F10. Dirisha jeusi likifunguka, andika mistari hii mmoja mmoja:

reg add HKLM\SYSTEM\Setup\LabConfig /v BypassTPMCheck /t REG_DWORD /d 1
reg add HKLM\SYSTEM\Setup\LabConfig /v BypassSecureBootCheck /t REG_DWORD /d 1
reg add HKLM\SYSTEM\Setup\LabConfig /v BypassRAMCheck /t REG_DWORD /d 1

Funga dirisha, endelea. Rufus inafanya jambo hili hili kwa niaba yako.

Njia ya kwanza: kupandisha juu ya Windows 10

Ukitaka programu na mafaili yabaki, usiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi. Ingia Windows 10 kama kawaida, chomeka flashi uliyoitengeneza kwa Rufus, ifungue, na ubofye setup.exe. Kuanzia toleo la 4.6, Rufus imeweka hapo kijiprogramu kinachompita mlinzi hata ukiwa ndani ya Windows. Ukiona dirisha limeandikwa Windows Server, usishtuke: ni jina tu linalotumika kukwepa ukaguzi, na utakachopata ni toleo lile lile la Home au Pro ulilokuwa nalo.

Fika hadi ukurasa unaouliza unabaki na nini, na hapo tulia. Lazima uone chaguo la kubaki na mafaili na programu. Kama limefifia na halichaguliki, simama, usiendelee. Mara nyingi sababu ni lugha ya ISO kutofautiana na ya Windows iliyopo. Pakua ISO ya lugha ile ile, uanze tena.

Ukishapanda na usiporidhika, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia mipangilio ya Recovery. Mimi huongeza muda huo siku ile ile, kwa dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Siku 60 zinakutosha kugundua printa inayogoma au programu ya zamani inayokataa.

Na kuhusu kugeuza diski kutoka MBR kwenda GPT: ifanye ukiwa bado Windows 10, nakala zikiwa tayari. Kwanza pima:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate. Diski isiwe na partisheni kuu zaidi ya tatu, wala partisheni za ndani ya nyingine. Ikimaliza, zima, ingia BIOS, ubadilishe kutoka Legacy kwenda UEFI. Usipobadilisha hapo, kompyuta haitawaka, na hilo huwatisha wengi bure.

Njia ya pili: kuanza upya

Ndiyo ninayoipendelea, hasa kama Windows iliyopo ina miaka mingi. Chomoa kebo ya mtandao. Washa kompyuta ukigonga-gonga kitufe cha menyu ya kuwakia: kwa Dell na Lenovo huwa F12, HP F9, ASUS F8, MSI F11, Gigabyte F12. Flashi ikionekana mara mbili, moja ikianza na neno UEFI, chagua hiyo kama uliitengeneza kwa GPT.

Kabla ya kuwasha kutoka kwenye flashi, ingia BIOS uhakikishe mpangilio wa SATA uko AHCI, si IDE. Na kama ubao unakataa flashi ya Rufus kwa sababu ya Secure Boot, izime kwa muda, utairudisha baadaye.

Kwenye ukurasa wa namba ya leseni, chagua kuwa huna. Kama Windows 10 ilikuwa halali kwenye ubao mama huo huo, leseni yake ya kidijitali inatambua Windows 11 ya aina ile ile mara tu mtandao utakapoingia. Kwa hiyo iliyokuwa Home chagua Home, iliyokuwa Pro chagua Pro. Namba za Windows 7 na 8 hazikubaliwi tena tangu mwaka 2023.

Ukurasa wa diski: kama ulifuata ushauri wa kuchomoa waya, diski ni moja tu. Futa partisheni zote zilizomo, ubaki na nafasi tupu moja, ichague, bonyeza Next. Usihangaike kuunda partisheni, Windows itaziunda yenyewe.

Itanakili, kisha itajizima na kujiwasha. Hapa wageni wengi hunaswa: inapowaka mara ya pili inasema ubonyeze kitufe chochote kuwaka kutoka kwenye flashi. Usibonyeze. Ukibonyeza, unaanza upya kutoka ukurasa wa lugha, na unaweza kuzunguka hapo saa nzima ukidhani mashine ni mbovu. Ikiwa BIOS inang'ang'ania flashi, ichomoe wakati skrini iko nyeusi.

Kama kunakili kunakwama katikati na kosa la 0x8007025D, shuku flashi au RAM. Jaribu flashi nyingine kwenye tundu la USB la nyuma, ambalo limeungwa moja kwa moja na ubao mama. Ikirudia, acha kipande kimoja tu cha RAM, ujaribu kimoja kimoja.

Baada ya skrini ya kwanza

Rudisha kebo ya mtandao. Tazama saa na tarehe kabla ya kingine chochote. Fungua Windows Update, iache ifanye raundi mbili au tatu za kuwasha upya. Draiva nyingi zitaingia zenyewe.

Kisha fungua Device Manager utafute alama za njano. Chochote kisichotambulika, nenda tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa ubao mama na uchukue draiva ya Windows 10 ya biti 64. Zinafanya kazi Windows 11 kwa sehemu kubwa. Epuka programu zinazojidai kukutafutia draiva zote kwa mkupuo. Nimetumia muda mwingi kusafisha uchafu wake kuliko ambavyo zimewahi kunisaidia. Kadi ya picha ndiyo ya kuchunguza: kama skrini imenyooka mpaka ukubwa wake halisi na video haikatiki, iache ilivyo. Kadi ya zamani sana isiyo na draiva itakuacha na Microsoft Basic Display Adapter, mapicha mazito na video ya kukatika. Hapo ni heri kadi nyingine ya mkono wa pili au kutumia picha ya ndani ya prosesa.

Chungulia pia Core isolation ndani ya Windows Security. Memory integrity iliyomo humo inalinda kiini cha mfumo, lakini prosesa za kabla ya kizazi cha 7 hazina msaada wa ndani wa kuiendesha, na kazi hiyo inafanywa kwa programu, jambo linalozipunguzia kasi. Ikiwa imewashwa na mashine iko sawa, iache. Ikiwa mashine inalemewa hata kwa kazi ndogo, pima ukiwa umeizima, ukijua umepunguza kinga moja.

Mashine ikishakaa siku mbili tatu bila tatizo, zima, rudisha waya wa diski ya data, washa Secure Boot kama uliizima na ubao unaiweza, kisha funga kesi.

Kila mwaka, toleo jipya

Kila toleo la Home na Pro linapewa masasisho kwa miezi 24. Andika winver uone uko toleo gani. Toleo jipya likitoka na lisipojileta lenyewe, rudia njia ya kwanza: ISO mpya, Rufus mpya, setup.exe kutoka ndani ya Windows, baki na mafaili na programu. Mimi husubiri miezi miwili mitatu baada ya toleo kutoka ili kasoro za mwanzo ziwe zimerekebishwa, na kabla ya kupandisha nahakikisha prosesa haijajengewa ukuta mwingine kama ule wa 24H2. Kabla ya kila kupandisha, nakala mpya.

Flashi uliyotumia usiifute. Bandika kipande cha tepu, andika namba ya toleo na tarehe, na uigandishe ndani ya ubavu wa kesi, mbali na feni, ili atakayeifungua mashine hiyo siku mfumo utakapogoma kuwaka aikute hapo hapo.